Kodi imepanda, ada ya huduma nayo: jua unacholipia kabla ya kugomba

Siku moja baada ya magharibi shangazi yangu alinipigia simu. Hata salamu hakunipa vile azoeavyo. "Mwanangu, njoo unisomee karatasi hii, maana hawa wataka kunitoa."

Shangazi ni mjane, auza mahamri na mbaazi, na amepanga katika mojawapo ya majengo ya nyumba za bei nafuu hapa Mombasa. Barua ilikuwa na mistari minne. Kodi itapanda kutoka Sh5,000 hadi Sh5,500. Ada ya huduma itapanda kutoka Sh1,500 hadi Sh2,300. Sababu iliyotolewa ni "kupanda kwa gharama". Basi.

Sh1,300 zaidi kila mwezi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 yasema nyumba za kijamii ni za mtu ambaye mapato yake kwa mwezi hayafiki Sh20,000. Kwa mtu wa kiwango hicho, Sh1,300 ni unga, mafuta na nauli ya mtoto.

Nimekuwa nikipata maswali ya aina hii kutoka kwa wasomaji, kwa hivyo leo naeleza kwa utaratibu.

Vitu viwili, si kimoja

Watu wa Mombasa jambo hili tusingepaswa kulipotea. Majengo na kwengineko tumekaa miaka mingi na nyumba bila ardhi: mwenye nyumba alipwa kodi na mpangaji, naye alipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba. Malipo mawili, kila moja na sababu yake.

Nyumba za ghorofa ni vivyo hivyo. Kodi ni malipo ya kukaa. Ada ya huduma, ile wengi twaiita sevisichaji, ni malipo ya vitu mnavyotumia pamoja: mlinzi, taa za ngazini, pampu ya kupandisha maji, usafi, taka, gari la kuvuta maji machafu, na lifti kama ipo.

Kodi yaweza kuwa na faida ya mwenye nyumba ndani yake. Ada ya huduma ni fedha za wapangaji zilizowekwa mkononi mwa mtu ili zifanye kazi maalumu, na mtu huyo atoe hesabu. Kwa lugha yetu, hiyo ni amana.

Kodi yapandishwaje?

Yategemea mwenye nyumba ni nani.

Kama ni serikali ya kaunti, ada na tozo zake hupangwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo mswada wake lazima upelekwe kwa wananchi watoe maoni. Uliza kiwango kipya kimetoka katika sheria gani na ya mwaka gani. Tena Ibara ya 47 ya Katiba, pamoja na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, zakupa haki ya kuarifiwa mapema, kusikizwa na kupewa sababu kwa maandishi pale ofisi ya umma inapochukua hatua itakayokuumiza.

Kama ni mtu binafsi, anza na mkataba wako. Iko pia Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura 296, yenye baraza lake la kusikiza migogoro ya kodi. Lakini sheria hiyo yahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi, na nyengine zimetengwa na sheria yenyewe. Nani leo apata nyumba ya Sh2,500 kisiwani? Ndiyo maana mkataba wa maandishi una uzito.

Mwenye duka asichanganye. Maduka yana sheria yake, Sura 301, na notisi ya kupandisha kodi haiwi chini ya miezi miwili.

Ada ya huduma: omba hesabu

Hapa ndipo mambo ya shangazi yalipogeuka. Tulikwenda ofisini, mimi, yeye na majirani wawili. Hatukwenda kwa kelele. Tuliomba karatasi moja tu: mchanganuo wa ile Sh2,300.

Jengo lina nyumba 40. Ada ya zamani ilikuwa yakusanya Sh60,000 kwa mwezi: walinzi Sh32,000, umeme wa pampu na ngazini Sh14,000, usafi na taka Sh14,000. Hesabu mpya ilikuwa Sh92,000: walinzi Sh36,000, umeme Sh18,000, usafi na taka Sh16,000, na lifti Sh22,000.

Jengo la shangazi halina lifti. Yeye hupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na ndoo ya unga kichwani. Lifti iko jengo la pili.

Msimamizi aliitazama karatasi kwa muda, kisha akasema watarekebisha. Ukiondoa Sh22,000, zabaki Sh70,000, yaani Sh1,750 kwa kila nyumba. Kwa hivyo ada ilipanda, lakini kwa Sh250 badala ya Sh800. Hizo Sh250 zina maelezo. Mishahara ya chini nchini iliongezwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, na umeme kila mtu ajua hali yake. Mlinzi naye ana watoto.

Msiache kulipa

Majirani walikuwa washakubaliana kugoma, wasilipe chochote. Niliwasihi wasifanye hivyo. Sheria ya Sura 293 yamruhusu mwenye nyumba anayedai kodi kukamata vitu vya mpangaji kupitia dalali wa mnada. Ukigoma, wewe uliyedhulumiwa wageuka mdaiwa. Lipeni kile msichobishania, wekeni risiti, na mbishanie kilichobaki kwa maandishi.

Ukipata barua, fanya hivi:

1. Tenga kodi na ada ya huduma. Andika ya zamani na mpya.
2. Soma mkataba: wasemaje juu ya nyongeza na notisi?
3. Omba mchanganuo wa ada kwa barua, nawe ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.
4. Kama nyumba ni ya umma, taja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi yapaswa kujibu ndani ya siku 21.
5. Zidisha ada kwa idadi ya nyumba, ulinganishe na gharama zilizoandikwa.
6. Nendeni pamoja. Mmoja hutajwa mkorofi, kumi husikizwa.

Nao wasimamizi nawaambia: bandikeni hesabu ukutani kila mwaka, hapo mlangoni. Mpangaji akiiona risiti ya umeme hatawaita wezi.

Shangazi sasa alipa Sh7,250, na bado ni nyingi kwake. Lakini siku ile tukishuka ngazi za ofisi aliniambia, "Ningelipa ile lifti mpaka nife, mwanangu, na sijawahi kuipanda."