Siku Amri Isipofika

Juma hili tuzungumzie nyambizi, hasa zile ndogo za mfano ambazo mafundi wa kujifurahisha huko Ulaya na Marekani huziunda na kuziongoza kwa redio bwawani.

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1898, mjini New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyokwenda na kukata kona bila waya wala nahodha. Wapo waliodhani ni uchawi. Tarehe 8 Novemba mwaka huohuo Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi nambari 613,809. Katika hati hiyo Tesla alieleza matumaini yake kwamba chombo cha namna hiyo, kwa uwezo wake wa kuangamiza, kingeleta amani ya kudumu duniani.

Lakini mashua huelea. Nyambizi huzama, na hapo ndipo penye kazi. Kuzama kwenyewe ni rahisi: maji huingia tangini, chombo kikawa kizito, yakisukumwa nje, hupanda. Tatizo ni amri. Mawimbi ya redio hupenya maji ya bwawa mita chache tu, na katika maji ya chumvi hufa upesi mno. Kwa hiyo fundi mwenye busara hutia ndani kifaa kinachosikiliza mawimbi wakati wote. Yakikatika, kifaa hicho huyasukuma nje maji ya tangini, na nyambizi hurudi juu yenyewe.

Sasa tuzitazame zile kubwa. Tarehe 27 Oktoba 1962, katika bahari ya karibu na Kuba, nyambizi ya Kisovieti B-59 ilikuwa chini ya maji, haina mawasiliano na Moscow. Betri zilikuwa zikiisha na joto lilikuwa kali. Manowari za Marekani zilikuwa zikidondosha mabomu madogo ya kuilazimisha ipande. Ndani mlikuwamo topido moja ya nyuklia. Kwa masimulizi ya mmoja wa waliokuwamo, nahodha Valentin Savitsky alidhani vita vimekwisha kuanza, akaagiza topido hiyo itayarishwe. Ofisa mwenziwe, Vasili Arkhipov, akamtuliza. Nyambizi ikapanda juu.

Kile chombo cha bwawani kikikosa amri, kina kifaa cha kukirudisha. B-59 ilipokosa amri, ilikuwa na mtu. Ukali wa silaha, ambao Tesla aliutumainia, siku ile nusura uuteketeze ulimwengu. Kilichouokoa ni utulivu wa binadamu mmoja.

Leo vyombo vya kivita visivyo na rubani vinaundwa kwa wingi, na vingine vinafundishwa kujiamulia vinapokosa mawimbi. Wanaoviunda yafaa waulizwe mapema: siku amri isipofika, chombo hiki kitarudi juu, au kitapiga? Wahenga walisema, hasira hasara. Mashine haina hasira, ni kweli. Lakini pia haina wa kuituliza.