Datsun Violet, Bingwa Asiyetajwa

Mbio za East African Safari za mwaka 1968 zilianza na magari 93. Yaliyofika mwisho ni 7 tu. Masika yalikuwa yamemwaga vilivyo, na barabara za udongo zikageuka matope matupu. Mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404, ndugu ya zile zilizokuwa zikibeba abiria kutoka mji hadi mji Afrika Mashariki nzima.

Kwa wengi walioishuhudia enzi hiyo, mjadala wa gari bora ulifungwa pale pale. Mwulize mzee aliyekuwa akisimama kando ya barabara wakati wa Pasaka kusubiri magari yapite, atakutajia 404 kabla hujamaliza swali. Na hoja anayo. Nowicki alikuwa ameshinda nayo 1963, mwaka mwingine ambao magari 7 tu yalimaliza, kisha Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, akashinda nayo mara mbili mfululizo, 1966 na 1967. Injini yake ya lita 1.6, iliyolazwa upande chini ya boneti, haikumtisha mtu kwa spidi. Lakini Safari ya siku zile ilikimbiwa kwenye barabara zisizofungwa, mchana na usiku, dereva akipishana na malori na mifugo. Kila kituo kilikuwa na saa yake, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa alama ya adhabu. Shokapu ikivunjika na fundi akachukua nusu saa kuibadilisha, umeshapoteza muda ambao hakuna mguu mzito utakaokurudishia. Gari lisiloharibika ndilo lililokuwa na mbio.

Waliokua miaka ya 1970 wana lao. Hao wanakuambia Datsun 240Z: boneti ndefu, silinda sita, umbo ambalo hata likiwa limeegeshwa linaonekana linakwenda. Edgar Herrmann alishinda nayo 1971. Mwaka 1973 ikatokea jambo ambalo wapenzi wa Safari bado wanalisimulia: Shekhar Mehta, ndani ya 240Z, na Harry Källström, ndani ya Datsun nyingine, walimaliza wakiwa na alama za adhabu sawasawa. Ikabidi itazamwe ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Ni Mehta. Gari zuri, dereva wa hapa nyumbani, ushindi wa kupatikana kwa tundu la sindano. Ukiwa mtoto wa miaka kumi wakati huo, utapenda gari gani tena?

Kisha wapo vijana, na kwa vijana ni Subaru Impreza, na Mitsubishi Lancer Evolution ikipumua mgongoni mwake. Tommi Mäkinen alishinda na Lancer 1996, Colin McRae na Impreza 1997, Richard Burns na Impreza tena mwaka 2000. Kabla yao, 1994, Mkenya Patrick Njiru alikuwa amemaliza wa nne ndani ya Impreza. Kizazi hiki kilipata bahati ambayo baba zao hawakuipata kwa 240Z, kwani gari waliloliona likitimua vumbi lilikuja kushushwa bandarini Mombasa kwa wingi, mtumba kutoka Japani, kwa bei ambayo mtu mwenye kazi na akiba angeweza kuifikiria. Ule mngurumo wake wa kukatakata wanaujua kabla gari halijakunja kona.

Sibishani na yeyote kati yao. Kinachoniuma ni kwamba vizazi vyote vitatu vinairuka Datsun Violet 160J.

Kuanzia 1979 hadi 1982, Mehta alishinda Safari nne mfululizo, zote kwa Violet. Ilikuwa saluni ya pembe nne, silinda nne, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka 1979 aliyeshika nafasi ya pili nyuma yake ni Hannu Mikkola, ndani ya Mercedes 450 SLC yenye injini ya V8 ya lita 5. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl na Opel Ascona 400, naye huyo Röhrl ndiye aliyemaliza msimu akiwa bingwa wa dunia. Sijui gari jingine lililowahi kuwakatalia watu wakubwa kiasi hicho likiwa na sura ya gari la karani anayekwenda ofisini.

Na nadhani sura hiyo ndiyo iliyoiponza. 404 ilikuwa imebeba nusu ya watu wanaoisifu. 240Z ilikuwa na umbo, Impreza ina sauti. Violet ilikuwa na kikombe tu. Muda si muda ulimwengu ukahamia kwenye turbo na magari ya kuvuta magurudumu yote manne, na habari za Ulaya zikawa Audi Quattro na Peugeot 205 Turbo 16. Hiyo 205 iliipa Peugeot ubingwa wa dunia 1985 na 1986, na haikushinda Safari hata mara moja. Miaka hiyo Safari ilikuwa mikononi mwa Toyota Celica, iliyoshinda tatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Anayenakili orodha ya Ulaya na kuileta huku anapanga magari kwa barabara ambazo si zetu.

Tazama Porsche 911. Ilimaliza ya pili mwaka 1972, ikawa ya pili tena 1974, na tena 1978. Safari yenyewe haikuipata kamwe. Yalipoanzishwa mashindano ya Safari Classic kwa magari ya zamani mwaka 2003, ndipo ilipopata nafasi yake: Björn Waldegård alishinda nayo 2011, Stig Blomqvist 2015. Leo matajiri wa Ulaya na Marekani huziinua 911 zao, huzifunga mataa makubwa mbele na kuziita kwa jina la Safari, na kijana wa Nairobi akiona picha hizo anaamini ndiyo gari lililotawala hapa.

Mehta alifariki mwaka 2006. Ushindi wake wa Safari 5 haujapitwa na dereva yeyote hadi sasa, na 4 kati ya hizo alizipata akiwa kwenye usukani wa Violet.