Shahada ya Misitu (Tanzania)

Shahada ya misitu ni masomo ya chuo kikuu kuhusu kuotesha, kutunza, kupima na kuvuna miti. Nchini Tanzania ilianza kufundishwa Morogoro mwaka 1973, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; kampasi hiyo ikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) mwaka 1984. Awali, mabwana miti walifundishwa Olmotonyi, Arusha, katika chuo cha ngazi ya chini kilichoanzishwa 1937, na aliyetaka shahada alikwenda nje ya nchi.

Botania, elimu ya udongo na takwimu hutangulia. Kazi inayomtofautisha mwanafunzi wa misitu na wenzake ni upimaji. Kipenyo cha mti huchukuliwa mita 1.3 kutoka ardhini, na penye mteremko mpimaji husimama upande wa juu. Kimo hupatikana kwa kupima pembe ya kilele na ya shina kutoka umbali unaojulikana. Kwa kuwa kipenyo huzidishwa kwa chenyewe katika kukokotoa ujazo, kosa la asilimia 5 kwenye futi kamba huwa karibu asilimia 10 kwenye hesabu ya mbao. Ndiyo maana wakufunzi hurudisha vikundi vikapime upya.

Mazoezi hufanyika katika misitu ya SUA yenyewe. Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuna misindano ya kupandwa, ambako hufundishwa kupogoa, kupunguza miti na kuvuna. Kitulanghalo, karibu na Morogoro, ni miombo. Mazumbai, katika Usambara Magharibi, ni msitu wa asili wa milimani uliokuwa mali ya mkulima wa chai kabla ya kukabidhiwa chuo.

Mtaala wa zamani ulimwandaa msimamizi wa kuwazuia wanakijiji wasiingie hifadhini. Lakini miaka ya 1990 wanavijiji wa Duru-Haitemba, Babati, walikataa msitu wao utwaliwe na serikali, wakaulinda wenyewe, na msitu ukanawiri. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilitambua misitu ya vijiji, na leo usimamizi shirikishi ni somo kamili, pengine gumu kuliko hesabu, maana mkutano wa kijiji hauna fomula.

Wahitimu huajiriwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), halmashauri, mashirika ya uhifadhi na kampuni za mbao, hasa za Mufindi, lilipo shamba la miti la Sao Hill.