Vijana Waliokwenda Kuomba Kazi

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

  Kama darasani kwenu mna ramani ya Ulaya, itundikeni ukutani sasa. Tafuteni Ujerumani. Kisha pandeni kaskazini, mvuke bahari, mpaka Norway, nchi ndefu iliyo juu kabisa. Ninyi msio na ramani msihangaike. Nitawaelekeza njia kwa maneno.

Tumezoea kuwaona vijana wa Ulaya wakija kwetu kukaa mwaka mmoja. Wengine hufundisha, wengine hupanda miti, wengine husaidia katika shule na nyumba za watoto wenye ulemavu. Twawaita vijana wa kujitolea. Watu wengi hudhani kwamba desturi hii ilitokana na huruma, mwenye nacho akimsaidia asiye nacho. Kwa baadhi yao huenda ni kweli. Lakini leo nitawasimulia habari za chama kimoja kilichoanza kwa deni. Na mmoja wa watu wa kwanza kuliona deni hilo alikuwa hakimu aliyekuwa akisoma faili za watu wenye ulemavu wa akili.

Hakimu huyo aliitwa Lothar Kreyssig. Alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Flöha, jimbo la Saxony. Mwaka 1940 alikuwa hakimu katika mji wa Brandenburg, magharibi ya Berlin, na kazi yake ilikuwa ya mambo ya ulezi. Maana yake ni hii: mtu mzima asipoweza kusimamia mambo yake kwa sababu ya ugonjwa wa akili au ulemavu, mahakama humwekea mlezi, na hakimu huangalia kwamba mtu huyo hadhulumiwi. Bwana Kreyssig alikuwa na mamia ya watu wa namna hiyo chini ya ulinzi wake, na wengi walikuwa wakikaa katika hospitali.

Mwaka huo faili zikaanza kusema jambo la ajabu. Fulani amehamishwa hospitali. Baada ya muda mfupi inakuja barua: fulani amefariki. Kisha mwingine, na mwingine. Vifo vilikuwa vingi mno, na vilifuatana mno. Hakimu akatambua kwamba watu aliopewa kuwalinda wanauawa.

Naye hakukosea. Hitler alikuwa ametia sahihi karatasi yenye tarehe ya 1 Septemba 1939, yaani siku ile ile vita vilipoanza. Karatasi hiyo iliwapa watu wawili, Philipp Bouhler na daktari Karl Brandt, uwezo wa kuwaruhusu madaktari kuwaua wagonjwa walioonekana kuwa hawaponi. Haikuwa sheria iliyopitishwa na kutangazwa; ilikuwa siri. Serikali ya Hitler iliwahesabu watu wenye ulemavu kuwa mzigo, watu wa kula bure. Basi mabasi yakapelekwa kuwachukua hospitalini. Vilitengenezwa vituo sita vya kuwaulia, na kimojawapo kilikuwa katika gereza la zamani la mji huo huo wa Brandenburg. Waliingizwa chumbani wakidhani wanakwenda kuoga, wakafunguliwa gesi.

Katika kituo cha Brandenburg peke yake waliuawa zaidi ya watu 9,000 katika mwaka 1940. Katika vituo vyote sita, mpaka Agosti 1941, waliuawa zaidi ya 70,000. Hata baada ya hapo mauaji hayakwisha, kwani katika hospitali nyingi watu waliendelea kuuawa kwa njaa na kwa dawa. Jamaa zao waliandikiwa barua iliyotaja ugonjwa wa uongo.

Sasa nitanyamaza kidogo. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni majina mawili: Kreyssig, Brandenburg.

Tuendelee. Tarehe 8 Julai 1940 Bwana Kreyssig alimwandikia barua Waziri wa Sheria, Franz Gürtner. Alieleza aliyoyaona, akasema ni uvunjaji wa sheria na wa haki. Kisha akafanya jambo ambalo wanasheria wa nchi nzima hawakuthubutu kulifanya: alimshtaki Bouhler kwa kosa la kuua. Tena akaziandikia hospitali kuziamuru zisimhamishe mtu yeyote aliye chini ya ulezi wake bila ruhusa yake mwenyewe.

Mwezi wa Novemba aliitwa wizarani. Waziri akamwonyesha nakala ya karatasi ya Hitler, kama mtu amwonyeshaye mwenzake hati ya shamba ili kumaliza ubishi. Bwana Kreyssig akajibu kwamba neno la mkuu wa nchi haliwezi kuigeuza dhuluma kuwa haki. Waziri akamwambia kwamba asiyeyakubali mapenzi ya kiongozi kuwa chanzo cha sheria hawezi kuendelea kuwa hakimu. Basi akatolewa kazini, na mwaka 1942 akastaafishwa kabisa. Alirudi shambani kwake Hohenferchesar kulima, na huko yeye na mkewe Johanna walimficha mwanamke mmoja Myahudi mpaka vita vilipokwisha.

Mtu atashangaa kwamba hakufungwa. Mimi nadhani sababu moja ni kwamba mauaji yenyewe yalikuwa ya siri, na kumshtaki hakimu huyu mahakamani kungekuwa ni kuyatangaza. Lakini yafaa tuseme wazi kwamba hakuweza kuyazuia. Mabasi yaliendelea kwenda.

Vita vilikwisha mwaka 1945. Ujerumani ikagawanyika mbili, Mashariki na Magharibi, na Bwana Kreyssig akawa mmoja wa viongozi wa Kanisa la Kiprotestanti upande wa Mashariki. Tarehe 30 Aprili 1958, katika Sinodi, yaani baraza kuu la kanisa, iliyokutana Berlin, alisoma mwito mfupi. Alisema kwamba Wajerumani ndio walioanzisha vita na kuwaua mamilioni ya Wayahudi. Na kwamba hata wale ambao hawakutaka mambo hayo hawakufanya ya kutosha kuyazuia. Sikilizeni vizuri sehemu hiyo ya pili. Mtu aliyepoteza kazi yake kwa kupinga mauaji alijihesabu pamoja na wale ambao hawakufanya ya kutosha.

Kisha akatoa shauri. Wajerumani wayaombe mataifa yaliyoumizwa nao yawaruhusu kwenda kufanya jambo jema katika nchi zao, kwa mikono yao wenyewe na kwa mali yao wenyewe. Wajenge kijiji, au kanisa, au hospitali. Neno kubwa katika shauri hilo ni kuruhusiwa. Hakusema tutawasaidia. Katika desturi zetu mtu aliyemwaga damu ya jirani haendi kwake na kapu la zawadi na kuingia ndani kwa furaha. Hubisha hodi, akangoja nje mpaka akaribishwe, na anaweza kukataliwa. Shauri la Bwana Kreyssig lilikuwa la namna hiyo. Chama kikaitwa Aktion Sühnezeichen, maana yake ni kazi ya kuonyesha ishara ya toba.

Nchi alizozitaja kwanza zilikuwa Poland, Urusi na Israeli, kwa kuwa huko ndiko walikouawa watu wengi zaidi, au walikokimbilia walionusurika. Mlango haukufunguka hapo mwanzo. Waliokubali kwanza walikuwa Uholanzi na Norway, na vijana wa kwanza walikwenda mwaka 1959.

Rudini kwenye ramani, mtazame Norway. Jeshi la Wajerumani liliishika nchi hiyo kwa miaka mitano, kutoka 1940 mpaka 1945. Lilipokuwa likirudi nyuma mwaka 1944, lilichoma moto nyumba za jimbo la Finnmark, kaskazini kabisa, ambako majira ya baridi ni ya giza na theluji. Watu wapatao 50,000 walihamishwa kwa nguvu. Sasa, baada ya miaka 15, wanafika vijana wenye lugha ile ile waliyoisema askari. Wengine walijenga kanisa Kokelv, huko huko Finnmark. Wengine walifanya kazi Trastad, katika Kvæfjord, ambako palikuwa na nyumba ya kutunzia watu wenye ulemavu wa akili. Walichanganya saruji, wakajenga.

Hapo Trastad mimi husimama kila ninapoisoma historia hii. Katika mwito wa mwaka 1958 waliouawa kwa sababu ya ulemavu hawakutajwa kwa jina. Ujerumani nzima ilikuwa imewanyamazia, na ukumbusho wao wa taifa mjini Berlin haukufunguliwa mpaka Septemba 2014. Lakini miongoni mwa kazi za kwanza kabisa walizopewa vijana wale palikuwa na kujengea nyumba watu wa namna ile ile ambao baba zao waliwapakia mabasini.

Je, ilikuwa kazi njema? Kwa wakati ule, ndiyo. Lakini historia haikuishia hapo, na somo hili lingekuwa nusu kama ningewaficha iliyobaki. Nyumba kama ile ya Trastad ilikuwa mahali pa kukusanyia watu kutoka mbali. Mtoto alitolewa kwao, akapelekwa huko, akakulia huko, akazeekea huko. Alikula, alilala pakavu, wala hakupigwa na baridi. Lakini hakuwa na jirani, wala duka la kuendea, wala ufunguo wa mlango wake mwenyewe. Mwaka 1985 kamati ya serikali ya Norway ilitoa taarifa kwamba maisha ya watu katika nyumba hizo hayakubaliki, wala kwa ubinadamu, wala kwa maisha ya pamoja na wengine. Mwaka 1991 Norway ikaanza kuzifunga, na watu wakarudishwa kwenye wilaya zao, wakapewa makao yao wenyewe katika mitaa ya kawaida. Siku hizi Trastad kuna makumbusho yenye picha zilizochorwa na watu wenye ulemavu wa akili.

Basi kuta walizojenga vijana kwa toba zilikuja kuonekana kuwa ni kuta zinazotenga. Sisemi hivi ili kuwacheka. Mwaka 1959 hata wazazi wengi waliamini kwamba hakuna njia nyingine.

Kazi za chama zilienea. Mwaka 1961 vijana walikwenda Coventry, Uingereza, mji ulioangamizwa na ndege za Wajerumani mwaka 1940, wakatengeneza sehemu ya kanisa kuu lililobomoka iwe mahali pa kukutania watu wa mataifa. Mwaka 1965 vijana wa Uingereza wakalipa ziara hiyo: walikwenda Dresden, mji uliochomwa na ndege za Waingereza na Wamarekani, wakasaidia kujenga upya hospitali. Israeli nayo ilifungua mlango mwaka 1961. Lakini mwaka huo huo, tarehe 13 Agosti, ukajengwa ukuta katikati ya Berlin, na Bwana Kreyssig akabaki upande wa Mashariki. Kwa miaka mingi mwanzilishi wa chama cha kwenda ng'ambo hakuweza kutoka! Huko Mashariki vijana walianza kwa kuondoa vifusi vya makanisa ya Magdeburg mwaka 1962. Yeye alifariki mwaka 1986, miaka mitatu kabla ukuta haujafunguliwa.

Polepole kazi yenyewe ikabadilika. Nchi zilipokwisha kujengwa upya, mwiko na saruji havikuhitajiwa sana. Kijana akaanza kwenda peke yake, akakaa mwaka mmoja au zaidi, akimsaidia mzee aliyeokoka kambi za mauaji, au akiishi pamoja na watu wenye ulemavu: kupika nao, kupanda basi nao, kufuatana na mtu mpaka ofisini anakotaka kusema shida yake mwenyewe. Hii ni kazi ngumu kuliko kujenga. Ukuta ukikosea waweza kuupima kwa timazi, lakini kijana wa miaka 19, mgeni wa lugha, atapimaje kama anamsaidia mtu au anamwamulia? Katika miezi ya kwanza mara nyingi mwenyeji ndiye amfundishaye mgeni kununua mkate.

Jambo hili sasa limetugusa na sisi. Mwaka 2008 serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts wa kuwapeleka vijana wake katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, Tanzania ikiwamo. Kwa muda wa miaka mitano safari ilikuwa ya upande mmoja. Mwaka 2013 njia ikafunguliwa kwa wa kwetu pia, na vijana wa Kitanzania wakaanza kwenda Ujerumani, baadhi yao kufanya kazi katika shule na nyumba za watu wenye ulemavu. Watu wa namna ile ile waliokuwa katika faili za mahakimu sasa wanasukumwa garini, wanapikiwa, wanachekeshwa na kijana aliyetoka Moshi au Iringa.

Sasa muda wetu unakaribia kwisha, nami nawaachia maswali ya kuzungumza baada ya redio kuzimwa. Mtu mwenye ulemavu wa akili katika kijiji au mtaa wenu anaishi wapi, na nani aliamua akae hapo? Na kama kijana mgeni akija kesho kubisha hodi na kuomba ruhusa ya kumhudumia mtu huyo, nani ataulizwa kwanza: mwenyekiti, mzazi, au mwenyewe? Mwalimu, waache waliokaa nyuma waseme kwanza. Kwaherini.