Damu ya Mtu wa Nzoia

Kabla sijastaafu, kipimo nilichokiamini kuliko vyote maabarani hakikuhitaji hata umeme. Unatia damu kidogo kwenye tyubu kavu ya kioo, unaisimamisha dakika 20 bila kuigusa, kisha unaiinamisha. Iliyoganda hukaa palepale kama ugali wa jana. Isiyoganda hutiririka, nawe unamtafuta daktari mbio.

Kila ilipotiririka nilimkumbuka yule Mfaransa wa kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma. Mwanzoni mwa 1980 alipanda Mlima Elgon, upande wa Kitale, akaingia pango la Kitum, ambamo ndovu huchimba chumvi gizani kwa pembe zao. Januari 8 akaanza kuugua. Januari 15 akafa Nairobi akivuja damu, saa chache tu baada ya kulazwa. Ilikuwa Marburg, virusi vilivyopewa jina la mji wa Ujerumani ambako mwaka 1967 tumbili kutoka Uganda walileta maafa: huko, Frankfurt na Belgrade waliugua watu 31, wakafa 7.

Huku kwetu wasimulizi hukazania damu iliyomwagika. Naona wanaanzia mwisho, maana ugonjwa huu kwanza hugandisha. Virusi huvamia seli za ulinzi, nazo hutoa protini ya kuamsha ugandaji ambayo ingefaa kusubiri kidonda. Vibonge hujaa kwenye mishipa midogo, chembe sahani zikatumika zikaisha, na ini lililoumia haliwezi kufidia. Hapo hata tundu la sindano halizibiki.

Ndiyo maana Johannesburg, 1975, kijana Mwaustralia alipokufa kwa Marburg, mwenzake na muuguzi waliougua baada yake walipewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ningemjibu hivyo mkufunzi wangu kwenye mtihani, angenifukuza! Wote wawili walipona, ingawa waliuguzwa kwa kila njia, na siipi heparini sifa zote.

Alipona pia Daktari Shem Musoke, aliyemhudumia Mfaransa yule akaugua siku tisa baadaye. Kuhusu damu ya waliopona watu huuliza machache mno. Mwili unapoyeyusha vibonge huacha makombo yaitwayo D-dima. Katika Ebola ya Gulu, 2000, siku ya sita hadi ya nane ya ugonjwa, waliokufa walikuwa nayo mara nne ya waliopona.

Korona ilipokuja, nayo ikigandisha damu, D-dima ikaanza kuandikwa hata kwenye fomu zetu. Mama mmoja wa Kitale, aliyepona mwezi uliotangulia, alinikazia macho.

“Daktari, si nilishapona? Mbona bado mnanitoa damu?”

“Mimi wa maabara tu, mama. Homa imeenda, lakini huko ndani bado kunafagiwa.”

Akaguna, akapandisha mkono wa sweta.