Watoto wa Nasari Warudi Studio

Abana ba Nasery maana yake ni watoto wa nasari. Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, vijana wa Bunyore, walirekodi omutibo miaka ya 1960: gitaa mbili, sauti tatu, na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa kutoa mdundo. Halafu gitaa za umeme na benga zikateka soko.

Mwaka wa 1989, lebo ya GlobeStyle ya Uingereza ikazitoa upya nyimbo zao za zamani. Hapo ndipo mlango ulifunguka. Wakaalikwa Uingereza, wakaingia studio tena pamoja na wanamuziki wa huko, na 1992 albamu mpya ikatoka: Nursery Boys Go Ahead! Watoto wa nasari walikuwa watu wazima sasa, lakini chupa bado ilikuwepo.

Tunapenda kusema msanii "amerudi", kana kwamba alikuwa amepotea. Lakini bila zile rekodi za kwanza kuhifadhiwa, nani angewaita? Kwa hivyo kama babu yako bado anaukumbuka wimbo aliotunga ujanani, usingoje Mzungu aje. Simu si unayo? Mrekodi leo.