Kodi ya nani? Kutoka kibanda cha 1901 hadi tokeni ya stima

Kila msimu wa siasa kuna kauli hii inarudi, kwenye runinga, kwenye matatu, hata matangani: "Nchi hii inabebwa na watu wachache wa mshahara. Wengine wote ni abiria." Wiki hii nimeisikia mara tatu, na ajabu ni kwamba imetoka kwa watu wa mirengo miwili ambayo haisikizani kwa lolote lingine. Kwa kuwa nimefundisha historia shule ya upili miaka kadhaa, naomba leo tuanzie nyuma kidogo. Sheria ya uzi huu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama.

Haya, twende 1901.

Serikali ya Waingereza ilikuwa imemaliza kujenga reli ya kutoka Mombasa, na ilitaka watu wa nchi wachangie gharama za utawala. Ikaleta kodi ya kibanda. Ilianza kwa rupia moja au mbili, baadaye ikawa tatu. Angalia kilichotozwa. Hawakuuliza una ng'ombe wangapi, wala shamba lako limekupa nini mwaka huu. Walihesabu vibanda. Mzee mwenye wake watatu alikuwa na vibanda vitatu, basi alilipa mara tatu. Mjane aliyebaki na kibanda chake naye alidaiwa. Watu wakaanza kulala wengi ndani ya kibanda kimoja ili kupunguza hesabu, na ndipo mwaka wa 1910 sheria ikapanuliwa: kijana wa miaka 16 na zaidi asiyelipia kibanda, atalipia kichwa chake. Ndiyo maana wazee wetu waliita kodi ya kichwa. Unatozwa kwa sababu upo.

Na lengo halikuwa mapato peke yake. Masetla walihitaji vibarua, na mtu mwenye shamba lake na mifugo yake hana haraka ya kwenda kulima la mwingine. Kodi ililipwa kwa pesa taslimu. Pesa taslimu ilipatikana wapi? Kwa setla. Gavana wa wakati huo alilisema wazi mwaka wa 1913, kwamba kodi ndiyo njia ya kumtoa Mwafrika kwenye hifadhi yake akatafute kazi. Mimi huwaambia wanafunzi wasiharakishe kupita hapo. Serikali iliijua kazi ya pili ya kodi tangu mwanzo: kodi inaweza kuamua nani atamfanyia nani kazi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mambo yaliharibika zaidi. Kodi ilipandishwa hadi rupia 8, ambazo zikawa shilingi 16 pesa zilipobadilishwa. Kwa vibarua wengi huo ulikuwa mshahara wa mwezi mmoja hadi miwili. Na mwaka wa 1921, huku kodi ikiwa juu hivyo, masetla wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Ongeza kipande shingoni, ambacho kila mwanamume alitakiwa kukibeba ndani ya kikopo chake cha bati. Hapo ndipo kijana mmoja aliyekuwa opereta wa simu wa serikali alianza kukusanya watu Nairobi. Barabara moja ya jiji ina jina lake leo, kwa hivyo mnamjua. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, wanawake wakiwa mstari wa mbele, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, na askari wakafyatua risasi. Zaidi ya watu 20 waliuawa, Muthoni mmoja wao. Kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Sasa hapa kuna sehemu ambayo vitabu vya shule huipita haraka, na mimi ndiyo naipenda kuliko zote.

Katika miaka hiyo hiyo serikali ilijaribu kuwatoza wenye pesa. Mwaka wa 1921 ilileta kodi ya mapato, yaani ukipata zaidi unalipa zaidi. Iliwalenga hasa Wazungu na wafanyabiashara. Masetla wakaja juu, wakapinga hadi kodi ile ikafutwa mwaka wa 1922. Mwaka ule ule wa risasi! Hakuna aliyepigwa risasi kwa kuikataa. Na pengo lililobaki kwenye Hazina lilizibwa vipi? Kwa kupandisha ushuru wa bidhaa zinazoingia bandarini, na bidhaa hizo zilinunuliwa na watu wote, maskini wakiwemo. Kodi ya mapato ilirudi 1937, miaka 15 baadaye, baada ya mtaalamu kutoka Uingereza kuchunguza mfumo mzima na kupendekeza irudi.

Kwa sehemu kubwa ya hiyo miaka 15, asiyekuwa Mwafrika alilipa kodi ya kichwa ya shilingi 30 kwa mwaka. Bei moja kwa wote. Karani wa duka la Biashara Street na bwana mwenye maelfu ya ekari kule Naivasha walilipa sawasawa. Kwa karani hizo zilikuwa pesa. Kwa yule bwana, sijui hata kama alizigundua.

Kwa hivyo mtu akikuambia maskini wa nchi hii hawajawahi kulipa kodi, mwambie walianza wao. Walilipa miaka 36 kabla ya kodi ya mapato kukaa sawa.

Uhuru ulipokuja ahadi ilibadilika. Waraka wa serikali wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika ulisema kodi zitapanda kadiri ya kipato ili mali isirundikane kwa wachache. Na kuna hatua zilizochukuliwa kweli. Kodi ya kichwa, ambayo kufikia hapo ilikuwa na madaraja ya kipato, iliondolewa mwanzo wa miaka ya 1970. Marehemu babu alikuwa akituambia jinsi vijana wa kijiji walivyolala kwenye mashamba ya mahindi askari wa chifu wakipita kukagua stakabadhi. Aliiweka stakabadhi yake ya mwisho ndani ya Biblia, na hakuitoa hata pale ilipokuwa haina kazi tena. Mtu aliyekimbizwa na karatasi haiachi hivi hivi.

Lakini kodi moja ilipotoka, nyingine iliingia. Mwaka wa 1973 ilianza kodi ya mauzo. Mwaka wa 1990 ikawa VAT, hii tunayoijua, ambayo leo ni asilimia 16. Huku chini watu walianza kulipia bidhaa, na kule juu mzigo ukapungua. Katikati ya miaka ya 1980 mwenye kipato kikubwa kabisa alitozwa hadi asilimia 65 kwa ile sehemu ya juu ya kipato chake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwango hicho kilikuwa 30. Sidai 65 ilikuwa sawa. Kiwango kama hicho humfanya tajiri ampe kazi mhasibu badala ya kumpa kazi kijana. Ninachoonyesha ni mwelekeo.

Na kuna moja ambayo watu wengi hawaijui. Ukinunua ploti kwa milioni moja na kuiuza kwa milioni tano, ile milioni nne ni pato, si ndiyo? Kenya iliitoza kodi tangu 1975. Mwaka wa 1985 kodi hiyo ikasimamishwa. Ilirudi Januari 2015, kwa asilimia 5. Miaka 30, jameni! Miaka 30 ambayo bei ya ardhi Nairobi, Kiambu na Pwani ilipanda hadi mwalimu akashindwa kununua hata robo ekari, na waliokuwa wakinunua na kuuza hawakulipa hata senti kwa faida hiyo. Mwalimu yeye alikuwa akikatwa kabla mshahara haujagusa akaunti. Tangu 2023 kiwango ni asilimia 15.

Turudi kwenye ile kauli ya abiria.

Ni kweli kwamba wengi hawalipi PAYE. Kwa viwango vya sheria ya 2023, mtu wa mshahara wa shilingi 24,000 au chini hakatwi, kwa sababu kodi yake ya 2,400 humezwa na nafuu ya 2,400 kila mwezi. Ni kweli pia kwamba mtu wa mshahara anabebeshwa: hana pa kujificha, na juu ya PAYE kuna asilimia 1.5 ya nyumba na 2.75 ya bima ya afya. Malalamiko yake ni ya haki. Anakosea tu anapomnyooshea kidole mama mboga.

Mfuate mama mboga siku moja. Anaamka saa kumi alfajiri, anapanda matatu hadi sokoni. Ndani ya nauli kuna petroli, na petroli ina VAT. Mwaka wa 2018 ilikusudiwa kuwa asilimia 16, watu wakapiga kelele ikawekwa 8, na mwaka wa 2023 ikafika 16. Ananunua sukuma na nyanya, analipa kwa simu, na ile ada ya kutuma pesa ina ushuru: asilimia 10 ulipoanza 2013, ikawa 12, sasa 15. Jioni ananunua tokeni ya stima, VAT. Sabuni, VAT. Bando la mtoto wa kidato cha tatu, ushuru na VAT. Hajaza fomu yoyote ya ushuru, na labda hata hajui nywila yake ya mtandaoni, lakini amelipa kutwa nzima. Na kwa kuwa pato lake lote linaishia matumizini, sehemu ya pato lake inayokatwa inaweza kuipita ile ya mtu anayebakisha nusu ya mshahara wake na kuiweka kwenye hisa.

Mwenye duka je? Kodi ya mauzo ya biashara ndogo ni asilimia 3, kwa anayeuza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Mauzo, sio faida. Chukua duka linalouza milioni 2, na kwenye unga na sukari linabaki na faida ya asilimia 5. Faida ni 100,000. Kodi ni 60,000. Ndiyo, anaweza kuomba atozwe kwa faida kama kampuni kubwa, lakini hapo anahitaji vitabu vya hesabu, na vitabu vinahitaji mtu wa kulipwa. Mimi nikiangalia hii naona kile kibanda cha 1901: wanahesabu kinachoonekana kwa urahisi.

Kisha linganisha watu wawili wenye milioni moja kwa mwezi. Wa kwanza ameajiriwa. PAYE yake, kabla ya kuhesabu pensheni na nafuu nyingine ndogo, inazidi shilingi 309,000 kwa mwezi. Wa pili ana fleti anazokodisha, milioni moja kwa mwezi. Kodi ya nyumba za kuishi kwa mwenye mapato yasiyozidi milioni 15 kwa mwaka ni asilimia 7.5. Analipa 75,000. Mwenye fleti atasema haruhusiwi kuondoa gharama za ukarabati, na ni kweli. Lakini pengo la laki mbili na ushee ni rangi ya ukuta kweli? Na mwenye hisa, gawio lake linakatwa asilimia 5 na kesi imeisha.

Kwa hivyo PAYE ya juu inamgonga daktari na rubani. Utajiri wa nchi hii kwa sehemu kubwa umekaa kwenye ardhi, fleti na hisa, na huko viwango ni vya upole.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Kutoza matumizi ni rahisi, na serikali yenye madeni na walimu wa kulipa hukimbilia penye urahisi. Tena si kila msamaha wa VAT unamfaa maskini. Mwaka wa 2013 Bunge lilipopunguza orodha ya bidhaa zisizotozwa, hoja mojawapo ilikuwa kwamba tajiri hununua zaidi, hivyo msamaha unamnufaisha zaidi. Hoja hiyo ina ukweli kwa bidhaa nyingi. Kwa mkate haina nguvu, na ndiyo sababu pendekezo la 2024 la kutoza mkate asilimia 16 liliwasha moto kabla hata watu hawajafika kurasa nyingine za Mswada wa Fedha. Vijana waliingia barabarani Juni, wengine hawakurudi nyumbani, na Mswada ukaondolewa. Kutoka 1922 hadi 2024 ni miaka 102.

Katiba ya 2010 ina maneno ya kushika. Kifungu cha 201 kinasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Na cha 210 kinakataza sheria yoyote kumwondolea afisa wa serikali kodi kwa sababu ya cheo chake. Hicho cha pili hakikutoka hewani: kabla ya hapo marupurupu ya wabunge, ambayo ndiyo yalikuwa sehemu kubwa ya pato lao, hayakutozwa. Walipotakiwa kuanza kulipa kulikuwa na mvutano mkubwa, mnakumbuka.

Basi mgombea akija kwenu na hadithi ya "kupanua wigo wa kodi", muulize wigo unapanuliwa kuelekea wapi: kwa kinyozi au kwa mwenye ekari 400 zisizolimwa? Muulize ardhi iliyoachwa ikingoja bei italipa nini. Akijibu kwa hadithi ya abiria, muonyesheni risiti ya tokeni.

Najua kuna atakayesema tatizo si kodi, tatizo ni wizi. Hiyo nimeiwekea uzi wake, Jumanne.